Majimaji ilianzia kwenye mashina ya pamba. Hesabu ya pamba ile ilikuwaje hasa?

MwalimuTemeke:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoijua vizuri historia ya uchumi wa enzi za Mjerumani.

Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu sababu za vita vya Majimaji, anakumwagia orodha: kodi, kazi ya lazima, ukatili wa maakida (wasimamizi wa vijiji walioteuliwa na Wajerumani), imani ya maji ya dawa yaliyosemekana kuzuia risasi. Orodha ni sahihi na mtihani anafaulu. Ila mbane kidogo. Muulize kwa nini Wamatumbi, watu wa milima ya Kilwa, walisimama mwishoni mwa Julai 1905, wakati kodi ya nyumba ilikuwapo tangu 1898. Muulize kwa nini pale Nandete, kijiji cha Umatumbi, kitu cha kwanza kuguswa kilikuwa mashina ya pamba, wala si boma wala sanduku la kodi. Hapo orodha inamwishia.

Nahitaji mambo mawili. Kwanza, pamba ile ililimwaje: nani alifanya kazi, siku ngapi, akalipwa nini. Pili, viwandani Ulaya kulikuwa na nini miaka ile hata serikali iliyokaa hapa Dar es Salaam ikaanza kuwalazimisha watu wa vijijini kulima zao wasilolila. Nina vipindi viwili mfululizo vya dakika 40, darasa la wanafunzi 40, na ziara moja ya mjini. Kama kuna kitu wanachoweza kukifanya kwa mikono yao badala ya kunakili ubaoni, nitashukuru zaidi.

PambaNyuzi:

Mwalimu, anza na shamba lenyewe.

Gavana von Götzen aliagiza pamba ya pamoja mwaka 1902, na mpango ulianzia hapa hapa, wilaya ya Dar es Salaam, kabla ya kusambazwa kwenye wilaya za kusini mwa pwani. Kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, anatenga shamba, akida anasimamia, watu wa vijiji vyake wanatoka kulima. Kwenye karatasi, kila mwanamume mzima alidaiwa siku 28 kwa mwaka. Fedha ya mauzo inagawanywa mafungu matatu: moja la wakulima wote kwa pamoja, moja la jumbe, moja la mfuko wa wilaya. Angalia mgawo huo ulivyokaa. Jumbe peke yake anachukua sawasawa na kijiji kizima kilichoshika jembe. Malipo ya msimu wa kwanza yalipotolewa katika wilaya hii, fungu la mtu mmoja halikufika hata rupia moja, na wapo waliokataa kulipokea. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3.

Sasa zichukue hizo siku 28 uziweke shambani. Pamba inakaa ardhini miezi mitano hadi sita. Unaweka mbegu nne au tano kwa shimo, kisha unapunguzia miche mpaka ibaki miwili au mmoja. Palizi ya kwanza lazima iingie ndani ya wiki mbili tatu baada ya mbegu kuota; ikichelewa, magugu yameshakula mavuno na palizi zinazofuata haziyarudishi. Zinafuata palizi nyingine mbili kabla majani hayajafunika ardhi. Kuvuna nako si kazi ya siku moja, kwa sababu vitumba havipasuki pamoja. Unapita shamba lile lile mara tatu au nne, umande ukiwa umekauka, na unatenga pamba safi na fifi (ile hafifu) papo hapo. Mwisho unang'oa masalia yote na kuyachoma, la sivyo wadudu wanakusubiri msimu ujao. Juu ya hayo, aina za Misri zilizopendwa na Wajerumani kwa urefu wa nyuzi zake zilisumbuliwa sana pwani na wadudu wanaofyonza majani: jani linajikunja, mmea unadumaa, vitumba vinakuwa vichache. Jasho la kulima ni lile lile, ila cha kugawana kinapungua.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kalenda. Umatumbi na Rufiji walikuwa wakilima mpunga na mahindi kwa mvua zile zile za masika, Machi hadi Mei. Wiki ambazo pamba inadai palizi, mpunga nao unadai. Mpunga ukianza kutoa masuke anatakiwa mtu wa kuamia ndege mchana na nguruwe usiku. Shamba likikosa mlinzi, kundi la nguruwe linaweza kumaliza kwa usiku mmoja chakula cha miezi. Na wakati huo huo kanuni za wanyama na za misitu zilikuwa zimeanza kuwabana wenyeji wasiwinde na wasikate miti kama zamani, kwa hiyo hata njia za kujilinda na hao nguruwe zilikuwa zinazibwa. Ndiyo maana kuhesabu siku 28 peke yake kunapotosha. Swali ni siku 28 zipi. Siku ya Aprili na siku ya Septemba hazina thamani moja kwa mkulima.

Kisha kuna uchukuzi. Pamba mbegu, yaani pamba kama inavyotoka kwenye kitumba, nyuzi zake ni kama theluthi moja ya uzito. Theluthi mbili ni mbegu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi. Basi aliyebeba pamba isiyochambuliwa kutoka milima ya Matumbi hadi pwani alibeba kilo 10 za kitu ambacho kiwanda kinakitaka, na kilo 20 za mbegu. Robota moja la Kimarekani lilikuwa na uzito wa karibu kilo 225. Piga hesabu: wapagazi 22 au 23 wanashuka mlima ili lijae robota moja, na kila mmoja anakula kibaba cha nafaka kwa siku akiwa njiani. Kinu cha kuchambulia kikiwa jirani na reli ikiwapo, hesabu inabadilika kabisa. Umatumbi hakukuwa na reli. Mahali pa namna hiyo pamba inamlipa mnunuzi pale tu ambapo kulima na kubeba hakulipwi, na hapo ndipo kiboko cha akida kilipoingia.

Kwa hiyo tarehe nayo inajieleza. Pamba ya masika inaanza kuvunwa Julai. Simulizi za wazee zilizokusanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 zinawataja Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela kuwa ndio waliong'oa mashina ya kwanza pale Nandete. Waling'oa mashina machache tu, kwa makusudi. Lilikuwa tangazo la vita kwa akida wa Kibata: hatuvuni, njoo.

MsomajiUpanga:

Nichukue swali la pili, la huko viwandani.

Ulaya ilijenga vinu vya nguo kwa maelfu katika nchi zisizoota pamba. Ujerumani, kama Uingereza, ilikuwa ikinunua sehemu kubwa ya pamba yake Marekani. Hatari ya kutegemea mashamba ya nchi moja ilionekana mapema. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipofunga bandari za kusini, vinu vya Lancashire, Uingereza, vilisimama na watu wakalala njaa. Pwani yetu iliguswa na vita hivyo hivyo: merikani, ile shuka iliyokuwa ikiletwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts, ikaadimika, na nguo za Bombay na za Uingereza zikashika soko lake. Kwa hiyo Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya uchumi wa pamba miaka mingi kabla ya Mjerumani kuja, ila kama mnunuzi wa nguo na muuzaji wa pembe, sandarusi na karafuu. Kilichobadilika baada ya 1900 ni kwamba sasa ilitakiwa itoe malighafi yenyewe.

Kwa nini miaka hiyo? Fukusi wa vitumba, mdudu anayeharibu pamba, alivuka kutoka Mexico akaingia Texas mwaka 1892, akaendelea kusambaa mashariki msimu baada ya msimu. Hofu ya uhaba ikawafaa walanguzi. Mwaka 1903 Daniel Sully alinunua pamba New York kwa wingi na kuishikilia, bei ikapaa, mpaka mpango wake ulipoporomoka Machi 1904. Katikati ya mtikisiko huo vinu vya Lancashire vilipunguza saa za kazi kwa kukosa pamba ya bei inayovumilika.

Wenye viwanda hawakukaa kimya. Berlin kulikuwa na Kamati ya Uchumi ya Makoloni, iliyoanzishwa 1896 na kuongozwa na Karl Supf, mtu wa biashara ya nguo. Mwishoni mwa 1900 kamati hiyo iliwapeleka Togo wataalamu Weusi wa Kimarekani kutoka Tuskegee, Alabama, chuo cha Booker T. Washington, wakaanzishe kilimo cha pamba. Mwaka 1902 Waingereza nao wakaunda chama chao cha kuhimiza pamba katika makoloni. Agizo la Götzen ni la mwaka huo huo wa 1902. Mwanafunzi akiziona tarehe hizi tatu kwenye mstari mmoja ubaoni, hataandika tena kwamba pamba ililetwa kwa ukatili wa akida mmoja.

Kuna tukio jingine ambalo ningekuomba ulifundishe, mwalimu, kwa sababu linawatoa Wajerumani kwenye kapu moja. Kuanzia Agosti 1903 hadi Januari 1904, wafanyakazi wa nguo karibu 8,000 wa mji wa Crimmitschau, Saxony, wengi wao wanawake, walipambana na waajiri wao wakidai siku ya kazi iwe ya saa 10. Waliomba saa moja irudi nyumbani, kwa watoto na kwa mapumziko. Waajiri waliwafungia milango, waajiri wa miji mingine wakachangiana kuwaunga mkono wenzao, na wafanyakazi wakarudi kazini wameshindwa. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Umatumbi wanang'oa mashina yaliyokusudiwa vinu vya namna ile ile. Watu wa pande hizi mbili hawakujuana. Lakini mgogoro ulikuwa mmoja: nani ana mamlaka juu ya siku ya mtu, mwenye siku yake au mwenye mashine.

Tahadhari moja ya kitaalamu. Usiwaambie wanafunzi kwamba pamba ya Afrika Mashariki iliishibisha Ujerumani. Kiasi chake kilikuwa kidogo mno kuweza kushusha bei Bremen, bandari ya pamba ya Ujerumani. Hilo kwangu ndilo linalouma zaidi katika habari hii: kijiji kilipoteza mpunga wake kwa ajili ya marobota ambayo soko lisingeyahisi hata yakikosekana yote.

Na ukitaka kuthibitisha kwamba tatizo halikuwa mmea, linganisha na Uganda. Mbegu zilipelekwa Buganda mwaka 1903 na Kampuni ya Uganda. Machifu walishurutisha watu huko pia, hilo lisifichwe, lakini mkulima alipanda kwenye kiwanja cha nyumba yake, akauza na kushika fedha, na reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Ziwa Victoria tangu 1901. Pamba ikakua kuwa zao kuu la nchi.

BintiSongea:

Shikamooni wakubwa. Maelezo ya pamba ni mazuri, lakini yanaeleza Umatumbi, Rufiji na Uzaramo. Yapelekeni Songea, yanakatika.

Ungoni, nchi ya Wangoni huko Songea, hakukuwa na mashamba ya pamba ya pamoja ya aina hiyo. Wajerumani waliweka kituo Songea mwaka 1897, na walichokivunja pale kilikuwa dola. Wanduna (wakuu wa vita) na watawala walizoea kutoza watu, kuwa na mateka na kuamua mambo ya vita. Wakageuzwa kuwa wapokea amri. Kodi ikaja, na vijana wakawa wanatafutwa kwenda kufanya kazi mashamba ya pwani. Kwa hiyo vita vilipofika kwetu Septemba 1905, mtawala Chabruma na Nduna Songea Mbano walikuwa na hesabu yao wenyewe ya kulipa, mbali na pamba. Mwanafunzi anayeandika "pamba" kama sababu ya vita vyote anakosea sawa na yule anayeandika "imani ya maji".

Na kuhusu maji, tafadhali msiyapite haraka. Ulizeni dawa ilifanya kazi gani. Kabla ya hapo kila upande ulipigana peke yake ukapigwa peke yake: Abushiri na Bwana Heri pwani 1888 na 1889, Mkwawa Uhehe kuanzia 1891 hadi alipojiua 1898, Hassan bin Omari Makunganya aliyenyongwa Kilwa 1895. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alianza mwaka 1904 kuwakusanya watu waliokuwa hawana mtawala mmoja wala lugha moja. Watu walimwendea kwa makundi, wakapewa maji, wakarudi kwao na kiapo na miiko ya namna moja. Habari zilipita kwa kunong'onezana, njwiywila, mtu kwa mtu, ambapo aliyeambiwa anafungwa na siri. Baadaye mahongo, yaani wajumbe wa dawa, walibeba dawa kwenda mbali zaidi. Umatumbi hakukuwa na mfalme wa kutoa amri. Dawa ndiyo iliyofanya kazi ya amri. Ukiliondoa hilo, huelewi ni vipi vita vilienea ndani ya wiki chache kutoka milima ya Kilwa hadi Uzaramo, Mahenge, Liwale na Ungoni.

Kisha waelezeni pia kilichoharibika kijeshi, kwa sababu wanafunzi wanapewa jibu moja tu kwamba maji hayakuzuia risasi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Nandete. Umatumbi ulikuwa umeanza, pande nyingine zilikuwa bado zinapokea dawa. Kuanzia hapo hakukuwa na kituo kimoja cha kupanga. Silaha za wapiganaji zilikuwa mikuki, mishale na magobole ya kujaza kwa mdomo, ambayo baruti yake ilinunuliwa kwa shida na ambayo mtu akishafyatua lazima asimame ajaze upya. Mahenge, tarehe 30 Agosti, walikwenda kwa wingi mchana dhidi ya boma lenye bunduki mbili za rashasha na uwanja uliosafishwa mbele yake. Palepale ndipo msongamano unapokuwa udhaifu. Kiwanga, mtawala wa Wabena, alikuwa upande wa Wajerumani, na Wahehe kwa jumla hawakujiunga. Baada ya Mahenge makundi mengi yaliacha kushambulia maboma, yakaingia porini kuvizia, na hapo Wajerumani waliona shida kweli. Abdalla Mapanda, mmoja wa viongozi wa wapiganaji, aliendelea hadi alipouawa 1907.

Jibu la Wajerumani kwa vita vya porini lilikuwa njaa. Vikosi vilichoma vijiji, vikachukua au kuteketeza ghala, vikazuia watu kupanda. Ukikosa mavuno ya msimu mmoja unakula mbegu; ukikosa mbegu umekosa msimu wa pili pia. Takwimu ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Mtafiti Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Songea watawala na wanduna walinyongwa kwa kundi Februari 1906, na makaburi na makumbusho yapo hadi leo.

MwalimuTemeke:

BintiSongea, marahaba, na asante sana. Hoja ya Ungoni nitaiweka wazi kama eneo la pili lenye sababu zake. MsomajiUpanga, Crimmitschau inaingia kwenye kipindi.

PambaNyuzi, ile hesabu ya theluthi na mpagazi, inawezekana kuifanya darasani? Bajeti ni ndogo, mizani ninayo ya jikoni inayosoma gramu moja moja.

PambaNyuzi:

Inawezekana, na mizani hiyo inatosha. Tafuta nusu kilo ya pamba mbegu, ile ambayo haijachambuliwa. Usinunue pamba ya duka la dawa, hiyo haina mbegu. Agiza kwa mtu anayetoka Shinyanga au Simiyu wakati wa mavuno, kuanzia Juni na kuendelea. Iangalie ikifika: isiwe na unyevu, maana pamba inanyonya maji hewani na hapa Dar hewa ni nzito. Ianike juani saa mbili tatu kabla ya kipindi, la sivyo uzito utakudanganya.

Gawa vikundi vinane vya watu watano. Kila kikundi kipe gramu 60, na uziandike ubaoni. Waondoe majani na takataka kwanza, wapime tena, kwa sababu takataka ni kasoro ya kwanza kwenye hesabu. Kisha wachambue kwa vidole: shika mbegu kwa mkono mmoja, vuta nyuzi kidogo kidogo kwa mwingine, usikwanyue kwa nguvu maana zinakatika. Weka nyuzi kwenye bakuli moja na mbegu kwenye jingine. Wape dakika 20. Wanaofanya kazi vizuri watapata nyuzi gramu 20 au kidogo zaidi, mbegu gramu 40 hivi. Kikundi kikipata nyuzi gramu 30, wameacha mbegu ndani; kikipata 12, nyuzi zimebaki kwenye mbegu kama manyoya. Pamba yetu ya sasa ni ya jamii ya Kimarekani, inayong'ang'ania mbegu. Ile ya Misri iliyojaribiwa pwani inaachia kirahisi zaidi. Watajie tofauti hiyo ili wasidhani wanarudia jambo lile lile kabisa.

Sasa wapandishe hesabu. Mtu mzoefu wa kuchambua pamba ya namna hii kwa vidole alikuwa akipata karibu gramu 450 za nyuzi kwa siku nzima. Robota la kilo 225 basi ni siku 500 za mtu mmoja. Hapo wataelewa wenyewe kwa nini kinu cha kuchambulia kiligeuza uchumi wa dunia, na kwa nini koloni lenye mashamba lakini lisilo na vinu vya kutosha linabeba mbegu kichwani.

Kipindi cha pili ni cha kalenda. Chora mstari wa miezi 12 kwenye karatasi ya manila. Kila kikundi kipe kunde 28 kuwa siku za pamba, na maharage 100 kuwa siku za chakula. Waeleze kazi za pamba kama nilivyoziorodhesha juu, na kazi za mpunga: kulima kabla ya mvua, kupanda, palizi, kuamia, kuvuna Mei na Juni. Sheria ni moja: siku moja haiwezi kubeba punje mbili kwa mtu mmoja. Wataanza kwa kurundika palizi za pamba mwezi Juni kwa sababu pana nafasi. Zikatae, waambie magugu hayasubiri. Baada ya dakika kumi utaona kunde zimebanana Machi hadi Mei na maharage yanaanguka pembeni. Yale yaliyoanguka yahesabu kwa sauti, ndiyo chakula.

Malizia na mgawo. Tumia fedha ya kubuni, na sema wazi kwamba ni ya kubuni: mauzo ya rupia 30, wakulima 40. Rupia 10 kwa wakulima ni robo rupia kwa kila mtu. Rupia 10 kwa jumbe. Rupia 10 kwa wilaya. Kisha waulize kodi ya rupia 3 inapatikanaje kwa robo rupia. Watakujibu wenyewe: kwa kuuza mpunga ambao hawakuuvuna, au kwa kuondoka kwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya walowezi. Jibu la pili lilikuwa na wapenzi wake serikalini.

MsomajiUpanga:

Ongeza hapo upinzani wa kimyakimya, Mwalimu, ili wasidhani kwamba watu ama wanapigana ama wanatii. Mfano wenye ushahidi mwingi uko ng'ambo ya Ruvuma. Wareno walipolazimisha pamba kaskazini mwa Msumbiji kuanzia 1938, wakulima waliopewa mbegu walizichemsha au kuzikaanga usiku, wakazipanda asubuhi mbele ya msimamizi. Hazikuota, na lawama ikaangukia udongo. Ina mipaka yake: akifanya mmoja haisaidii, maana shamba la jirani linamsuta, wakifanya wengi, ripoti inakwenda juu kwamba eneo halifai kwa pamba, na shinikizo linaweza kuhamishiwa kwingine. Mbegu unazobakiwa nazo baada ya zoezi la PambaNyuzi zinafaa kwa kuonyesha hilo. Chemsha kumi kwa dakika tano, loweka nyingine kumi bila kuchemsha, zote zipandwe kwenye makopo. Ndani ya wiki moja hivi tofauti inaonekana.

MzaramoKisarawe:

Ziara ya mjini sasa.

Kabla hata hujatoka Temeke, waonyeshe wanafunzi jina la shule ya Kibasila pale Chang'ombe. Kibasila alikuwa mkuu wa Kizaramo, mtu wa Kisangire, aliyekataa pamba ya lazima na akanyongwa na Wajerumani. Wengi wanalitaja jina hilo kila siku wakishuka daladala bila kujua kwamba linahusu swali lao la mtihani.

Kituo cha kwanza kiwe stesheni ya Reli ya Kati. Ujenzi wa reli kutoka Dar es Salaam ulianza 1905, mwaka ule ule wa vita, na Morogoro ikafikiwa 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Pale waulize: reli hii ingekuwa imefika Rufiji na Kilwa mwaka 1902, hesabu ya mpagazi ingekuwaje? Na tuta la reli lilijengwa na mikono ya nani, katika nchi ambayo mashamba, kodi na reli vyote vinamtafuta mtu mmoja?

Kutoka hapo nenda kwa miguu hadi Sanamu ya Askari. Iliyopo iliwekwa 1927 na Waingereza. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamesimamisha mahali hapo sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyezima vita vya Abushiri. Waingereza waliiteka, ikaishia Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha miaka ya 1960. Chini ya Askari kuna maandishi ya Kiswahili pia. Wape dakika tano wayasome, watafute wapagazi wametajwaje. Nenda asubuhi kabla ya saa tatu, la sivyo magari hayatawaacha wasikie neno.

Makumbusho ya Taifa ni mwendo mfupi kutoka hapo. Kama ratiba inaruhusu kundi dogo la wanafunzi watano au sita, wapeleke Nyaraka za Taifa, Upanga, siku nyingine, na barua ya shule yenye majina yao. Mafaili ya Mjerumani yapo. Mengi yameandikwa kwa mkono wa kizamani ambao hata anayejua Kijerumani cha leo hausomi kirahisi, kwa hiyo omba yale yaliyopigwa chapa, na uombe mapema mhudumu akuchagulie yenye majedwali. Jedwali la kodi au la mauzo mwanafunzi analisoma bila mkalimani: jina la wilaya, mwaka, rupia.